Ng'ombe wa Eka Mbili: Upare na Tambarare Yake

Ushauri anaopewa mfugaji wa Wilaya ya Same siku hizi una mpangilio unaojulikana: punguza idadi ya ng'ombe, wajengee banda, walishe humo humo, nenepesha dume kwa miezi mitatu, uza, nunua mwingine. Huo huitwa ufugaji wa kisasa, na usiofanana nao huitwa ufugaji wa mazoea. Nyuma ya majina hayo mawili kuna historia inayodhaniwa kuwa kweli: kwamba zamani kila mtu alikuwa na kundi kubwa lililozurura nyikani, na kwamba mwenye eka mbili na madume watatu bandani ni mtu wa zama mpya anayehitaji kufundishwa kila kitu. Kwa upande wa Upare, na hasa ukanda wa Maore na Gonja chini ya milima ya Upare Kusini, historia hiyo imepinduliwa miguu juu. Kufuga ng'ombe wachache mahali padogo ni desturi kongwe ya milima hii. Desturi hiyo ilisimama kwa sababu mlima ulikuwa na maafikiano na tambarare, na maafikiano hayo ndiyo yaliyokatwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, kipande baada ya kipande. Mfugaji mdogo wa Maore anapokwama leo, sababu kubwa iko hapo, wala haiko katika kutojua kwake kujenga banda.

Tuanze na ardhi yenyewe. Kilele cha Shengena kinafika mita 2,462, na kutoka huko mito hushuka kwa kasi upande wa mashariki: Hingilili inamwaga maji yake Gonja na Maore, Yongoma inashukia Ndungu. Juu kuna mvua za kutosha migomba, maharage na, miaka hii, tangawizi ya Mamba Miamba. Chini, mwendo wa saa chache tu kwa miguu, mvua ni haba na nchi ni ya miiba na nyasi zinazokauka mapema, nayo inaendelea hivyo hadi Mkomazi na kuvuka mpaka wa Kenya mpaka Tsavo. Watu walioishi kwenye mteremko huo tangu zamani walichimba mifongo ya kupeleka maji mashambani na kujenga ndiva za kuyahifadhi usiku, na kazi hiyo ilifanywa kwa msaragambo. Haya yanajulikana na yamesifiwa vya kutosha. Kisichosemwa mara nyingi ni kwamba mfongo na ng'ombe vilikuwa sehemu za mfumo mmoja. Shamba linalomwagiliwa na kulimwa mwaka hadi mwaka huchoka, na mlimani hapakuwa na ardhi ya kuhamia. Samadi ndiyo iliyolirudishia nguvu. Kwa hiyo ng'ombe wa mlimani alifungwa nyumbani, akaletewa nyasi zilizokatwa kingo za mifereji na maganda na majani ya migomba, na kinyesi chake kikabebwa kurudi shambani. Hesabu ya eneo ilikuwa kali kuliko ile ya mfugaji wa eka mbili wa leo, na kazi ya kukata na kubeba ilikuwa ya kila siku, nyingi ikiwa juu ya mabega ya wanawake.

Lakini banda peke yake halikuweza kukamilisha mzunguko. Ng'ombe watatu waliofungwa mlimani hawakui kuwa mali ya kutoa mahari, kulipa fidia, kuchinja kwa ajili ya mizimu na wakati huohuo kubaki na mbegu ya kesho. Nyongeza ilitoka kwingine. Mwanaanthropolojia Thomas Håkansson, aliyechunguza kwa miaka mingi uchumi wa Upare wa kabla ya ukoloni, ameonyesha kwamba kilimo cha mifereji kilikua sambamba na biashara ya mifugo: chakula cha mlimani kilishuka kwa wafugaji wa nyika, hasa miaka ya ukame, na mifugo ikapanda. Upare Kaskazini, mafundi wa ukoo wa Washana waliofua chuma walikuwa na bidhaa nyingine ya kupeleka sokoni, na majembe na silaha zao zilibadilishwa kwa mifugo hata na Wachaga. Mpare aliyekuwa na ghala kamili mwaka ambao nyika imekauka alipata ng'ombe bila kuwa na hata hatua moja ya malisho tambarare. Nyika ilimkuzia ng'ombe, yeye akaikuzia nafaka.

Tena kulikuwa na kuwekeana ng'ombe. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka zizini mwake wote. Aliwagawa kwa watu mbalimbali, huyu wa juu, yule wa bondeni, mwingine kijiji cha mbali, na kila aliyepokea alikunywa maziwa, akatumia samadi, na baada ya muda akapata haki ya ndama kwa makubaliano. Ugonjwa ukiingia bonde moja haukumaliza mali yote. Ukame ukipiga upande mmoja, upande mwingine ulibaki. Aliyepokea naye, hata kama hana kitu, alianza kuwa mtu mwenye zizi. Mfumo huu ulikuwepo kwa Wachaga na kwa jamii nyingi za Afrika Mashariki, kwa hiyo haukuwa siri ya Upare, ila katika milima yenye mashamba madogo namna hii ulikuwa na kazi ya pekee: uliwezesha mtu kumiliki kundi bila kuwa na malisho, na mwingine kufuga bila kumiliki. Makanisa na mashirika yalipoleta mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe katika milima ya kaskazini ya Tanzania, ambapo anayepewa mtamba hurudisha ndama wa kwanza jike apewe jirani, watu wa huko waliuelewa upesi. Mpango ulikuwa mzuri. Haukuwa mgeni kama ulivyoelezwa.

Nisiupake mfumo huo rangi nzuri kupita kiasi. Aliyewekewa ng'ombe alikuwa pia mtu wa yule aliyemwekea: alimuunga mkono shaurini, alimfanyia kazi, na ugomvi ukizuka aliweza kunyang'anywa. Katikati ya karne ya 19, biashara ya pembe za ndovu na watumwa ilipopita katika ukanda huu, uhusiano wa namna hiyo uligeuka kuwa mbaya zaidi. Gonja na Kisiwani vilikuwa vituo vya misafara kutoka pwani kwenda Kilimanjaro; Baron Carl Claus von der Decken na mwanajiolojia Richard Thornton walipita pande hizi mwaka 1861, na maporomoko ya Hingilili bado yanaitwa kwa jina la Thornton. Misafara ilihitaji chakula na nyama, na watawala wadogo waliona njia ya kupata bunduki na nguo kwa kuuza vitu hivyo, na hata watu. Uvamizi wa mifugo uliwafanya watu wa tambarare wakimbilie juu. Anayetaka kuitumia historia hii kama picha ya amani iliyopotea atapata shida. Ninachodai ni kidogo kuliko hapo: kwamba mbinu ya kufuga mahali padogo ilikuwepo, ilifanya kazi, na sharti lake lilikuwa njia iliyo wazi kati ya juu na chini.

Pigo la kwanza kubwa lilitoka nje kabisa ya mfumo. Katika miaka ya 1880 homa ya mapafu ya ng'ombe ilikwisha kuwapunguza ng'ombe wa Wamaasai, kisha mwaka 1890 na 1891 ikaja sotoka, ugonjwa ulioingia kupitia Pembe ya Afrika na kuteremka hadi kusini mwa bara. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki zilipoteza ng'ombe tisa katika kila kumi. Ndui na njaa vikafuata, na miaka ya mwisho ya karne ikaja na ukame mwingine. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha 1977 kuhusu mazingira na uchumi wa Afrika Mashariki, alieleza matokeo ya pili ya msiba huo: ng'ombe walipokwisha na watu kupungua, vichaka vilirudi palipokuwa na nyasi, na mbung'o wakafuata vichaka. Wanahistoria wengine wamemlaumu kwa kuichora hali ya kabla ya hapo kuwa nzuri mno, na lawama hiyo ina haki. Hata hivyo sehemu ya hoja yake inayohusu vichaka na mbung'o ina uzito kwa nyika ya Mkomazi. Nchi ambayo baadaye ingetazamwa kama pori la asili lisiloguswa ilikuwa, kwa sehemu, nchi iliyopoteza wachungaji wake. Sotoka yenyewe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Mipaka iliyochorwa juu ya matokeo yake bado ipo.

Wajerumani walileta mambo mawili yaliyovutana. Kukoma kwa uvamizi kuliwaruhusu watu kushuka tena, kulima mpunga na mahindi kando ya mito, na kupeleka ng'ombe mbali zaidi. Wakati huohuo kodi ya nyumba ya mwaka 1898 ilitaka rupia, na njia ya haraka ya kupata rupia ilikuwa kuuza mnyama au kuuza nguvu za mwili. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ikipita upande wa magharibi wa milima, kwenye bonde la Pangani. Jambo hili halitiliwi maanani ya kutosha. Njia ya mashariki, ile ya Gonja, Maore na Kisiwani, iliyokuwa barabara kuu ya misafara, ghafla ikawa nyuma ya mlima. Soko lilihamia Same na vituo vya reli. Mashamba ya mkonge yaliyoanzishwa Makanya na baadaye Ndungu yalileta vibarua waliokula nyama, lakini yalichukua pia ardhi tambarare karibu na maji, yaani ile ardhi ambayo ng'ombe wa kiangazi waliitegemea. Mfugaji wa Maore alipata wanunuzi akapoteza malisho, na kuhusu mbadilishano huo hakuulizwa.

Kisha likaja suala la kuhesabu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya Waingereza kupitia mamlaka ya wenyeji wa Upare ilianzisha kodi ya kupanda kwa kadiri ya mali ya mtu, iliyojulikana kama mbiru. Mwanzoni mwa 1945 maelfu ya wanaume walishuka milimani hadi Same kuipinga, wakakaa huko kwa miezi, na vuguvugu liliendelea hadi 1947 kodi hiyo ilipoachwa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria mzaliwa wa Upare, ndiye aliyeandika juu ya tukio hili kwa kina zaidi, na ameeleza jinsi upimaji wa mali ulivyokuwa wa kubahatisha na jinsi wananchi walivyokataa kupimwa namna ile. Naongeza jambo moja linalofuata kutokana na yaliyotangulia. Mpimaji anayeingia katika zizi na kuandika idadi ya ng'ombe anadhani kwamba aliye na ng'ombe ndiye mwenye ng'ombe. Katika jamii ya kuwekeana, dhana hiyo haisimami. Huyu anatunza wa mjomba wake. Yule mwenye nyumba tupu ana ng'ombe watano mabonde matatu. Kodi ya kadiri ya mali ingekuwa ya haki mahali ambapo mali inaonekana na mwenyewe anajulikana. Upare mali ilikuwa katika makubaliano, na serikali haikuwa na daftari la makubaliano. Tangu wakati ule hadi leo, kila mpango wa serikali kuhusu mifugo umeanza na kuhesabu vichwa zizini, na kila mara mtandao unaozunguka vichwa hivyo umeachwa nje ya hesabu.

Mwaka 1951 Mkomazi ilitangazwa kuwa pori la akiba, eneo la takriban kilomita za mraba 3,200 likianzia karibu na Same na kuelekea Umba. Baadhi ya wafugaji waliruhusiwa kubaki, na kwa miongo kadhaa ng'ombe wa wafugaji Waparakuyo, wa Wapare na wa wengine waliendelea kuchunga humo, wakati mwingine kwa kibali na wakati mwingine kwa kufumbiwa macho. Mwaka 1988 wote waliondolewa. Waliofungua kesi Mahakama Kuu ya Moshi walifika hadi Mahakama ya Rufani mwaka 1999 bila kurudishiwa haki ya ardhi, kwa sababu, miongoni mwa nyingine, hawakuonekana kuwa wa kwanza kufika huko. Mwaka 2008 pori likawa Hifadhi ya Taifa. Hoja ya upande wa pili isidharauliwe: ng'ombe walikuwa wameongezeka sana, nyasi zilikuwa zikichoka, na faru weusi na mbwa mwitu waliorudishwa baadaye ni urithi wa Watanzania wote. Lakini kipimo cha uharibifu huo kimepingwa na watafiti, akiwemo Dan Brockington, ambaye katika kitabu chake cha 2002 alionyesha pia jinsi gharama ilivyowaangukia watu wa kando ya hifadhi, mifugo ikipungua na kipato cha familia kikishuka. Na hata tukikubali kwamba ng'ombe walipaswa kutoka, swali la historia linabaki: walikwenda wapi? Walisogea vijijini kati ya mpaka wa hifadhi na mguu wa mlima, penye mpunga, mkonge na makaburi. Wilaya nzima ya Same ilikuwa na watu takriban 270,000 katika sensa ya 2012. Eka mbili za Maore zilizaliwa hapo. Kuziita hatua ya maendeleo ni kusahau jinsi zilivyopatikana.

Yupo atakayesema kwamba nachanganya mambo: ng'ombe wa zamani alikuwa wa maziwa, mahari na matambiko, na ufugaji wa nyama ni biashara nyingine isiyo na mizizi hapa. Tofauti ya shabaha ipo, nami naikubali. Lakini Tanzania haijawahi kuwa na ng'ombe wa nyama kwa maana ya mnyama aliyetengwa kwa kazi hiyo tu, ukiacha ranchi chache. Zaidi ya asilimia 95 ya ng'ombe wa nchi hii ni wa asili, wale zebu wenye nundu, na nyama inayoning'inia katika bucha la Same ni ya dume ambaye mama yake alikamuliwa, au ya jike mzee aliyemaliza kuzaa. Mkoloni na serikali iliyofuata walijaribu njia ya pili, ya kuifanya nyama kuwa kazi ya ardhi kubwa: kiwanda cha Tanganyika Packers pale Kawe, ranchi ya Kongwa palipofia mradi wa karanga, ranchi za NARCO. Kiwanda kilifungwa, na ranchi nyingi hazikufikia nusu ya matumaini yake. Bucha ziliendelea kulishwa na watu wenye ng'ombe wachache. Dume aliye zizini mwa mkulima mdogo ndiye nyama ya Tanzania tangu mwanzo, na kumnenepesha kabla ya mnada ni kuongeza miezi mitatu ya uangalizi juu ya desturi iliyopo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni jingine: kwamba hata kama njia kati ya mlima na nyika ilikuwa muhimu, haiwezi kurudi, watu ni wengi na hifadhi haitafunguliwa. Ni kweli, na sidai irudi kwa sura ile. Nadai kwamba kazi yake lazima ifanywe na kitu kingine, na kwamba kitu hicho kipo Maore kwenyewe. Mradi wa umwagiliaji wa Ndungu, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika karibu 1990, una hekta 680 hivi, na Maore wana mifereji yao ya mpunga inayotegemea Hingilili. Eka moja inayotoa tani moja na nusu ya mpunga huacha majani makavu ya uzito wa karibu kiasi hicho hicho. Dume wa kilo 250 hula kilo sita hadi saba za chakula kikavu kwa siku, kwa hiyo kwa siku tisini anahitaji kama kilo 600. Eka moja ya mpunga, basi, inaweza kubeba sehemu ya majani ya chakula cha madume wawili kwa msimu wa kunenepesha. Majani hayo peke yake ni chakula duni, yana protini kidogo na magumu kusagika. Yanahitaji kulowekwa kwa urea kwa vipimo sahihi, au kuongezewa pumba, mashudu ya alizeti, majani ya lukina, na molasesi inayotoka kiwanda cha sukari cha TPC kusini mwa Moshi. Lakini msingi wa mlo upo umbali wa kutembea kwa miguu, na kila mavuno sehemu yake kubwa huchomwa moto shambani.

Kwa nini majani yachomwe na ng'ombe wakonde upande wa pili wa barabara? Kwa sababu mwenye mpunga na mwenye ng'ombe hawana tena makubaliano. Mkulima anaogopa kundi litaingia kabla ya mavuno kwisha, litabomoa kingo za mifereji, na hatajua amdai nani. Mfugaji hana hakika kwamba atakachokilipia mwaka huu atakipata mwakani. Zamani shughuli kama hii ingesimamiwa na udugu, uhusiano wa kuwekeana, au mzee wa mfongo ambaye neno lake liliwabana wote wawili. Ushauri wa kisasa, unaomtazama mfugaji na banda lake pekee, unamwambia alime majani ya matembo kwenye robo ya eka zake mbili, maana yake apunguze mahindi ya watoto ili kulisha dume, wakati chakula cha dume kinateketea jirani.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na ile ya maeneo ya malisho ya 2010 zinazungumzia mipaka: hapa pa kulima, hapa pa kuchunga. Mipaka ina kazi yake, lakini Maore hakuna pa kuchora eneo la malisho litakalotosha, na kwa mkulima anayefuga madume wawili mpaka huo unapita katikati ya ua wake. Kinachohitajika ni kanuni ya masalia ya mavuno: nani ana haki ya majani baada ya mpunga kuvunwa, kwa bei gani au kwa samadi kiasi gani, yatakatwa na kubebwa au yataliwa shambani, kuanzia tarehe ipi hadi maji yanapofunguliwa tena. Samadi kwa majani ni mkataba ambao Upare iliufahamu kabla ya kuwa na shilingi, na mashamba ya mpunga yanayolimwa mara mbili kwa mwaka yanaihitaji samadi hiyo kama yalivyoihitaji mashamba ya mifongo. Halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo za namna hii tangu Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1982, na vyama vya umwagiliaji tayari vinakaa kupanga zamu za maji. Ajenda ya majani inaweza kuingizwa katika kikao hicho hicho, kabla ya mavuno yajayo, wafugaji wakiwa wamealikwa.